Afande Alal na Mlango wa Radiolojia

Uongozi wa hospitali unapenda kuwajulisha wagonjwa wote, wanaowauguza na umma kwa jumla kwamba kila mgonjwa anayefika Idara ya Radiolojia kwa ajili ya tiba hupewa maelezo kamili ya tiba hiyo na mtaalamu aliyehitimu, kwa wakati ufaao na kwa lugha anayoielewa. Uongozi unapenda vilevile kukumbusha kwamba watumishi wasio wa tiba, wakiwemo walinzi, wafagiaji na wasukuma machela, hawana mamlaka ya kutoa maelezo yoyote kuhusu tiba, na kwamba atakayekiuka agizo hili atachukuliwa hatua.

Waraka huo ulikuwa na mhuri, tarehe na sahihi ya Madam Loice, msimamizi wa utawala. Uliandikwa kwa Kiingereza. Ulibandikwa ukutani kwenye korido ya ghorofa ya pili, mkabala na kiti cha mtu aliyekusudiwa, na aliyetumwa kuubandika ni huyo huyo aliyekusudiwa, kwa kuwa ndiye aliyejua ngazi inawekwa wapi.

Mtu huyo aliitwa Goretti Alal. Alikuwa mwanamke wa miaka hamsini na nane, mrefu, mwenye mabega ya mtu aliyebeba bunduki kwa miaka ishirini na sita bila kuifyatua ila kwenye mazoezi. Baba yake alikuwa askari jeshi kutoka kaskazini, Mkatoliki wa kila Jumapili. Mama yake Mwislamu wa kila siku. Alizaliwa kambini, akajifunza Kiswahili kambini, akaingia polisi, akastaafu na cheo cha sajini na magoti yanayotabiri mvua. Sasa alikuwa mlinzi wa kampuni ya binafsi katika hospitali moja ya kilimani Nakasero. Kila mtu alimwita afande, madaktari nao, na hakuna aliyeona ajabu kwamba mlinda mlango anaheshimiwa kuliko mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa na neno moja juu yake: Radiolojia. Na radiolojia, kwa mkazi wa Kampala mwenye akili timamu, ni picha. Unaingia, unavua mkanda, unaambiwa uzuie pumzi, unapigwa picha, unatoka na bahasha kubwa ya kuwaonyesha majirani. Kwamba nyuma ya mlango huo huo kulikuwa na chumba ambamo Daktari Sufian huingiza mrija mwembamba ndani ya mshipa wa damu kupitia tundu la sindano, akaufuata kwa macho kwenye skrini kama mtu anayetazama boda boda ya mwanawe ikipita vichochoroni, akafika kwenye ini, kwenye figo au kwenye mguu, akazibua kilichoziba au akaziba kinachovuja, kisha akachomoa mrija na kubandika plasta, habari hiyo ilikuwa haijafika mitaani. Wagonjwa wenyewe wengi waliipata wakiwa wamekwisha kulala chali.

Kwa hiyo walikuja kama watu waendao kupigwa picha. Walikuja wameshiba. Walikuja peke yao, na boda boda ikisubiri chini, dakika kumi tu. Mama mmoja alikuja na gauni la gomesi la harusi na poda usoni, akauliza kama asimame au akae.

Alal alilijua kosa hilo kutoka nyumbani kwake. Mumewe, Santo, mwanajeshi mstaafu, aliugua sukari mpaka mshipa wa mguu wa kulia ukaziba na vidole vikaanza kuwa vyeusi. Wakamwandikia karatasi ya kwenda radiolojia, hospitali nyingine, mtaa mwingine. Santo akanywa chai, akala katogo ya ndizi na matumbo sahani mbili, akaenda. Alipofika akaulizwa kama amekula. Akasema ndiyo, kwani kamera inajali? Wakamwambia arudi Alhamisi bila kula. Hakuna aliyemwambia kwa nini, naye mtu aliyepigana msituni hakubali kurudishwa nyumbani kwa sababu ya picha. Alhamisi hakwenda. Baada ya wiki sita mguu ulikatwa chini ya goti, na ndipo muuguzi mmoja, akifunga bandeji, alipotaja kwa upole kwamba ile haikuwa picha. Walitaka kupitisha mrija wenye kiputo kinachovimbishwa, wauzibue ule mshipa.

Santo alilipokea jambo hilo kijeshi. Hadi leo, wageni wakiuliza habari za mguu, huwaambia umetangulia mbele kuangalia kama kuna maadui. Mkewe hakucheka. Alipostaafu na kampuni ya ulinzi ikamuuliza anataka kupangiwa wapi, wenzake waliomba geti kubwa, kwenye magari ya wenye nazo. Yeye aliomba korido.

Mwaka wa kwanza hakusema kitu, aliuliza. Alimuuliza Daktari Sufian swali moja kwa siku, wakati daktari akisubiri lifti, na lifti ya hospitali ile ilichelewa vya kutosha mtu kumaliza shahada. Mrija unaingilia wapi? Kwa nini mgonjwa asile? Kwa nini alale bila kukunja mguu? Damu ikitoka pale penye tundu mtu afanye nini? Daktari Sufian alikuwa fundi hodari na mtu mkweli, ila alizungumza kama anayekimbizwa, na alipochora mchoro kwenye karatasi ulifanana na ramani ya barabara za Kampala zikiwa zinakarabatiwa. Alal alimwambia rudia. Akarudia. Alal akaandika kwenye daftari, kwa herufi za polisi, kila neno limesimama wima.

Mwaka wa pili akaanza kazi, ingawa hakuna aliyempa.

Alikuwa na mtindo wake, na mtindo huo aliutoa kituoni. Huko polisi, shahidi hasaini maelezo yake kabla hajasomewa, akasema naam, haya ndiyo niliyoyasema. Alal aliona kwamba watu wanaopita mbele yake walikuwa wakisaini fomu ya tiba bila kusomewa na mtu, na wakisomewa, wanaitikia kama walioko msikitini kwenye hotuba ya Kiarabu. Basi akaugeuza utaratibu. Mgonjwa ndiye alipaswa kumsomea yeye.

"Haya, nirudishie," angemwambia, akiwa amekaa wima kwenye kiti chake cha plastiki. "Nini inaingia? Inaingia wapi? Inaenda kufanya nini? Nini itauma? Nani anakupeleka nyumbani?"

Maswali matano. Anayeyajibu alipigiwa saluti ndogo ya vidole viwili. Anayekwama, Alal aligonga mlango: "Sista, huyu bado hajasikia maelezo yake." Na swali moja hakulijibu kamwe, hata alipobembelezwa, hata alipoletewa mahindi ya kuchoma. Mtu akimuuliza, afande, nitapona? alielekeza kidole gumba mlangoni. "Hiyo ni ya ndani."

Kazi hiyo ilikwenda vizuri hadi alipomuuliza bwana mmoja mzito, mwenye suti na simu tatu, kama ametia kitu mdomoni tangu usiku. Alikuwa ametia sambusa tatu na kikombe cha chai ya maziwa. Akarudishwa. Akaandika barua. Barua ilisema ni askari wa namna gani huyu anayepeleleza chai za watu. Madam Loice hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa haki, aliyeamini kwamba kila kazi ifanywe na anayelipwa kuifanya. Akauandika waraka. Akamwita Alal ofisini, akamwambia kwa adabu kwamba ikitokea tena, kampuni itaombwa imhamishie kwenye maegesho ya magari. Alal akapiga saluti, akaenda kuchukua ngazi.

Siku tisa alikaa kimya. Siku ya kumi, Alhamisi, wakaja Farhana na shangazi yake.

Farhana alikuwa mwalimu wa madrasa Bukoto, mwanamke wa miaka thelathini na sita, wa familia iliyofika mjini na biashara za pwani zamani sana, hivi kwamba wao wenyewe hubishana ilikuwa zamani za babu yupi. Alikuwa na sauti ndogo na sketi nyeusi. Sketi ilikuwa nyeusi kwa sababu alitokwa damu siku kumi na mbili kila mwezi, na watoto wa madrasa wana macho. Mimba mbili ziliharibika. Kizazi chake kilikuwa na vivimbe vitatu, vile vinavyoitwa fibroidi, na hospitali moja ilikwisha kumpangia Jumatatu ijayo: kizazi kitolewe chote, mambo yaishe. Daktari mwingine, mwanamke, akamwambia ngoja, kwanza muone Sufian, huenda kizazi kikabaki. Haya yote alimsimulia Alal wiki iliyopita, alipokuja kuonwa, bila kuulizwa neno. Watu huwaeleza askari kila kitu bila kuulizwa, isipokuwa wenye hatia. Alal alisikiliza, akatazama waraka, akasema pole mwalimu.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya tiba. Farhana aliketi na fomu mapajani. Kando yake aliketi Bibi Jannat, dada wa baba yake, aliyemlea tangu utoto: miaka sitini na minane, buibui lililonyooshwa kwa pasi, mwenye vyumba kumi na kimoja vya kupangisha, na mkoba mkubwa. Ndani ya mkoba mlikuwa na yadi mbili za bafta mpya, nyeupe, iliyokunjwa mara nne. Katika ukoo wao, kiungo kikitengana na mwili wa Mwislamu hakitupwi. Kinavikwa sanda na kuzikwa, kwa heshima, bila maneno mengi. Kidole cha mjomba wao kilizikwa hivyo, na jino la dhahabu la babu lilikaribia kuzikwa hivyo. Tena kila mtu mjini anajua kwamba upasuaji wa haki una ushahidi: daktari hutoka na beseni, anafunua, ndugu wanatazama, wanasema Yarabi, kumbe ndicho kilichokuwa kinamtesa, na roho zinatulia.

Sista Acen, muuguzi, akatoka na kueleza. Alieleza kwa dakika nne, hakusema uongo hata mmoja, na kila dakika simu ya ukutani ilimwita mara mbili.

"Sista," Bibi Jannat akamkatiza mwishoni, "hicho kitu mtanipa hapa au nishuke chini?"

"Kitu gani, hajati?"

"Kitakachotolewa."

"Hatutoi kitu, hajati. Fibroidi zinabaki ndani."

"Zinabaki?"

"Zinabaki. Zitanywea zenyewe." Simu ikaita tena. Sista Acen akasema dakika moja tu, akaingia, na mlango ukajifunga nyuma yake.

Bibi Jannat akaushusha mkoba begani, akaurudisha begani, akasimama.

"Farhana, inuka."

"Shangazi..."

"Inuka, mwanangu. Mtu anachomwa sindano, analazwa kitandani, halafu ugonjwa unarudi naye Bukoto kwenye gari lile lile? Upasuaji usiotoa kitu ni upasuaji gani? Haya ni mazingaombwe. Kule Jumatatu wanatoa, tunaona kwa macho, tunazika, tunasoma dua, yamekwisha."

"Kule wanatoa kizazi chote, shangazi."

"Na hapa hawatoi hata unywele! Mimi kati ya wawili hao namjua aliyefanya kazi."

Farhana akainuka. Fomu ilikuwa mkononi mwake, haijasainiwa. Alikuwa ameelewa nusu ya yale aliyoambiwa, na nusu ya maelezo ni mbaya kuliko kutoelezwa, maana hukupa cha kuogopa bila kukupa cha kushikilia. Alimtazama Alal. Hakuomba kitu. Alimtazama tu, kama mtu anavyotazama saa ya ukutani akiwa amekwisha kuchelewa.

Hatua kumi na nane kutoka kiti cha Alal hadi kwenye lifti; alikuwa amezihesabu zamani. Akatazama waraka. Katika maisha yake alisoma maagizo mengi, ya makamanda wengi, na alijifunza kuyasoma kwa yale yasiyosemwa. Kutoa maelezo. Hayo ndiyo yaliyokatazwa. Alal alifanya kazi ya polisi miaka ishirini na sita na hakupata kutoa maelezo hata siku moja. Alichukua.

"Hajati," akasema, "kabla ya kwenda, mimi naomba kuuliza kitu moja."

Bibi Jannat akageuka. "Uliza, afande. Ila polepole. Kiswahili chenu cha kambini kimevaa buti."

"Hata miguu yangu ilivaa, ikafika. Wewe iko na nyumba ya kupangisha?"

"Vyumba kumi na kimoja. Unatafuta?"

"Hapana, mimi iko Kyebando, inanitosha. Nauliza habari ya maji. Watu walishawahi kukuibia maji?"

Bibi Jannat akakaa. Hilo ni swali ambalo mwenye nyumba wa Kampala hawezi kulijibu akiwa amesimama.

"Nani amekwambia?" akasema. "Farhana, umemwambia wewe? Afande, we acha! Mwanamume mmoja nyuma ya ukuta wangu, ana kibanda cha kuosha magari. Mwaka mzima! Wapangaji wangu wanaoga kwa kikombe, mabomba yanakohoa, yeye anaosha malori. Alichimba usiku, akatoboa bomba langu, akaunga lake."

"Banange! Ukafanya nini? Ukavunja nyumba?"

"Nivunje nyumba yangu kwa sababu ya mwizi?"

"Basi ukaenda kuvunja kibanda yake."

"Ningekifikiaje? Kimebanana na ukuta wangu; ukikigusa, ukuta unashuka."

"Sasa?"

"Sasa nikaita fundi mwenye akili. Hakugusa ukuta. Aliingilia kule mbele, barabarani, kwenye mita. Akafungua pale padogo, akafuata bomba kwa bomba, hili la jikoni, hili la msalani, mpaka akaifikia ile njia ya haramu. Akaiziba. Ile tu. Mengine yote akayaacha."

Wakati huo Madam Loice alikuwa ametokea kwenye ngazi na faili kifuani. Akamwona mlinzi wake akiongea na wagonjwa, akasimama.

"Afande Alal. Unatoa maelezo?"

Alal akainuka, akapiga saluti. "Hapana, madam. Mimi nauliza hajati habari ya bomba."

Madam Loice akasikiliza kidogo. Alisikia mita, alisikia msalani. Hakupata pa kushika. Lakini hakuondoka pia.

"Endelea, hajati," Alal akasema. "Fundi akamaliza. Akakuletea nini mkononi?"

"Aniletee nini?"

"Si alifanya kazi? Ule mwizi, kile kibanda, alikuletea uone? Ulikuwa na bafta?"

Vidole vya Bibi Jannat vikaupapasa mkoba.

"Hakuleta kitu," akasema, polepole sana kwa mtu aliyeagiza wengine waseme polepole.

"Na kibanda ikaenda wapi?"

"Hakikuenda. Kilikuwa pale pale. Kilikosa maji. Wiki ya kwanza bado anapiga kelele. Mwezi wa pili hakuna gari. Mwezi wa tatu kimekauka, kimekuwa kidogo hivi, mtu anauzia rolex za chapati na mayai."

"Na maji yako?"

"Yakarudi."

"Na nyumba?"

Aliyejibu hakuwa Bibi Jannat. "Nyumba imesimama," Farhana akasema. Alikuwa amesimama bado, lakini sasa kwa namna anavyosimama mbele ya ubao. "Shangazi, kizazi ndiyo nyumba. Hivi vitu vimejiunganishia mshipa wangu, vinakunywa damu yangu. Daktari anaingilia mbali, hapa kwenye mkono au kwenye paja, anaufuata mshipa mpaka kwenye ile njia yao, anaziba kwa chembe ndogo kama mchanga. Ndiyo maana hakuna kitakachotoka. Kinachotoka ni mrija wake tu."

"Mimi sijasema kitu," Alal akamwambia ukuta.

"Hukusema," Bibi Jannat akakubali kwa uchungu. "Umenifanya niseme mimi. Askari nyie!"

"Sasa, mwalimu, nirudishie. Nini inaingia?"

"Mrija."

"Wapi?"

"Mkononi au pajani."

"Inafanya nini?"

"Inaziba."

"Nini itauma?"

"Sijui," Farhana akasema. "Sikuuliza."

"Hiyo ni ya ndani." Alal akagonga mlango mara tatu, kipolisi. "Sista! Iko mtu na maswali."

Aliyetoka ni Daktari Sufian mwenyewe, kofia ya chumba cha tiba kichwani. Na Farhana, aliyekuwa na sauti ndogo, aliuliza kwa sauti hiyo ndogo mambo manne, moja baada ya lingine: maumivu, hatari, mkono au paja, na mtoto. Daktari Sufian alizoea kuulizwa na wagonjwa jambo moja tu, itachukua muda gani. Akaegemea ukuta, akajibu taratibu, kwa mara ya kwanza katika historia ya korido ile. Maumivu yapo, akasema. Usiku wa kwanza yatakuwa makali, kama uchungu wa kuzaa, na dawa yake ipo tayari. Homa ikipanda baada ya siku chache, au ukitokwa na uchafu wenye harufu, usingoje asubuhi, rudi. Mara chache sana kizazi chenyewe hudhurika na hulazimu kitolewe. Siwezi kukuficha hilo. Leo naingilia mkononi. Mtoto sikuahidi, mwalimu. Wengine wamepata, wengine hawakupata. Ninachoweza kusema ni kwamba leo siingii hapa kukitoa kizazi chako.

Farhana akaweka fomu ukutani, chini kidogo ya waraka wenye mhuri, akasaini.

Alikwisha kuingia, na daktari alikuwa akigeuka kumfuata, Alal aliposema, "Daktari. Swali ya leo."

"Afande, lifti haipo hapa."

"Na shangazi ataonyeshwa nini?"

Daktari Sufian alisimama na mkono kwenye kitasa. Alikuwa amesomea kazi hiyo katika nchi mbili, akapasi mitihani ya nchi zote mbili, na swali hilo halikuwemo. Akamtazama bibi mwenye mkoba. Akasema ngoja.

Saa moja na nusu baadaye akamwita Bibi Jannat ndani ya kile chumba kidogo chenye skrini, na Alal akamshika mkono kumvusha kizingiti, jambo ambalo halikukatazwa na waraka wowote. Kwenye skrini zilikuwepo picha mbili. Ya kwanza ilionyesha mishipa imejisokota na kufumana kama mizizi ya bwawani, minene, myeusi, imeyazunguka mabonge matatu. Ya pili ilikuwa ya mahali pale pale, dakika arobaini baadaye: shina limesimama, mizizi haipo.

Bibi Jannat akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo.

"Hii hapa ndiyo njia yake ya haramu?"

"Ndiyo, hajati."

"Na nyumba ni hii?"

"Ni hiyo."

Akatazama kwa muda mrefu, kama wanavyotazama watu beseni. "Yarabi," akasema. "Kumbe ndicho kilichokuwa kinamtesa." Akauliza kama naye anaweza kupiga picha ya ile picha kwa simu, awaonyeshe wapangaji. Akaruhusiwa. Tangu siku hiyo Daktari Sufian huwaita ndugu mmoja mmoja kwenye skrini, na huiita hatua hiyo kwa jina refu la kitaalamu alilolitunga mwenyewe.

Usiku ule Farhana aliumwa kama alivyoambiwa ataumwa, akauma mto, akamwambia shangazi yake aliyeanza kulia: "Hii ndiyo ile, shangazi. Alisema." Akapewa dawa, akalala alfajiri. Mwezi wa nne baada ya tiba damu ilikuwa siku nne, na alifundisha Alfatiha akiwa amevaa sketi ya buluu. Kizazi kilikuwa mahali pake. Mtoto, hadi sasa, hakuna habari, na hakuna aliyeahidi. Jumatatu ile ya upasuaji alikuwa amekaa kitandani Bukoto, anakunywa uji, na kitanda chake kule kilipewa mtu mwingine.

Bibi Jannat yeye alirudi hospitali mara mbili, siyo kwa ugonjwa. Mara ya kwanza alileta jirani mwenye mguu wa sukari, ambaye vidole vyake vilikuwa bado vyekundu. Mara ya pili alileta watu watatu kutoka msikitini, amewaweka njaa tangu usiku kwa mamlaka yake mwenyewe, ingawa wawili walikuwa wamekuja kupigwa picha ya kifua tu.

Madam Loice hakuandika lolote kuhusu Alhamisi ile. Waraka haukuondolewa, ungali ukutani, na mhuri wake umeanza kufifia kwa jua la dirishani. Alal naye amelitii agizo kikamilifu. Hatoi maelezo. Anauliza habari za mabomba, za mifereji iliyoziba Kyebando mvua ikinyesha, za njia ya kupita mtu akikuta barabara imefungwa, na watu wanamjibu. Santo, akisikia hayo jioni, husema mke wake alipaswa kupewa cheo cha luteni, na mkewe humwambia anyooshe kile kisiki amkande.

Badiliko moja tu lilifanyika katika idara, nalo halikutangazwa. Mashine ya tiba huwashwa saa nne asubuhi, kama ilivyokuwa siku zote. Lakini karatasi za miadi, kwa mkono wa Daktari Sufian na idhini ya utawala, siku hizi huandikwa mgonjwa afike saa mbili kamili, akae kwanza koridoni, na zamu ya Alal huanza saa mbili kasorobo.